Kiti Kilichoshushwa

Vumbi lile lilikuwa jekundu, na mumewe alikuwa mtu wa vumbi jeupe.

Mwanga wa asubuhi uliingia dirishani ukaangukia pindo la suruali, na mshonaji akaiinua suruali kwenye mwanga, kama mtu ainuavyo yai kuona kama ni zima au limeoza. Vumbi jeupe alilijua. Lilikuwa vumbi la plasta, vumbi la kazi. Mumewe alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kila jioni alirudi nalo kwenye nyusi, kwenye vidole, kwenye mikunjo ya masikio. Vumbi jeupe lilikuwa mwenyeji, lina mahali pake pa kukaa. Hili jekundu lilikuwa mgeni, tena mgeni asiyepiga hodi.

Vumbi halisemi uongo, alijisemea. Husema nusu, kisha likanyamaza.

Hakupiga kelele. Hakuwa mwanamke wa kelele, alikuwa mwanamke wa futi na chaki. Alichukua brashi, akalipangusa pindo juu ya kipande cha bitana nyeusi, akakikunja kile kipande na vumbi lake ndani, akakitia chini ya kopo la vifungo. Ushahidi haupigwi pasi.

Mtaani waliiita nyumba yao nyumba ya mafundi. Mume aliwarudishia watu kicheko, mke aliwarudishia umbo. Nao wenyewe waliitana hivyo hivyo. "Fundi, chai." "Nakuja, Fundi." Ukiwasikia kutoka barazani usingejua nani anamtuma nani, na watani walisema hiyo ndiyo ndoa yenyewe.

Juu ya meza ya kukatia lilikuwa limelala koti, vipande vipande: mgongo, vifua viwili, mikono. Lilikuwa koti la mume, la kuvaa siku ya kumwoza binti yao. Vipande vilikuwa vimeshachorwa na kukatwa, lakini havijaungwa. Mshonaji alikuwa amesimamisha kazi. Mkono wake ulikataa kumuunga mtu ambaye mkewe hajui Jumamosi huwa wapi na nani.

*

Baiskeli zilikuja mjini bila mwenyewe.

Asubuhi moja lori lilisimama kwenye kona, chini kabisa ya dirisha la chumba cha kushonea, likazishusha: za kijani zote, zimefanana zote, zikafungwa kwenye vyuma kama ng'ombe wakisubiri kukamuliwa. Unaifungua kwa simu, unapanda, unazunguka, unairudisha, unakwenda zako. Hazikuwa za kubebea mkaa, wala maziwa, wala mgonjwa. Zilikuwa za matembezi tu, za kwenda ili urudi. Makarani walilegeza tai wakapanda. Wauguzi walitoka zamu wakapanda. Wastaafu walibana kofia wakapanda, na kengele zikalia mchana kutwa bila haraka yoyote.

Mshonaji alizitazama kwa jicho la pembeni. Kitu chenye mwenyewe hutunzwa, alifikiri. Kitu cha wote hushikwa na kila mkono na hakimkumbuki yeyote. Ewe baiskeli ya watu wote, leo umembeba nani, na kesho utamkana nani?

Hapo alikosea. Baiskeli ya wote inamkumbuka mtu. Inamkumbuka mmoja tu, yule wa mwisho, na inamkumbuka kwa kiti. Mrefu hukipandisha, mfupi hukishusha, na anayeteremka hukiacha kama kilivyo. Kwa mtu mwenye futi shingoni, kila kiti kwenye kona ile kilikuwa mguu uliosahauliwa: huu wa msichana, huu wa askari, huu wa mtu kama twiga ambaye bila shaka suruali za dukani zote zilimwacha vifundo nje.

Na mumewe, kwa maneno yake mwenyewe, alizaliwa juu ya baiskeli.

Kwao kulikuwa na baiskeli moja, ya nyumba nzima, na hadithi za baiskeli hiyo ndizo zilizomwoza. Alisimulia mteremko wa kwenda mtoni: wasichana wakifua upande wa kushoto, alizeti upande wa kulia, kila ua limegeuza uso kumtazama. Alisimulia mbwa wa mwenye duka aliyewahi kumfukuza, akamkaribia nyuma mpaka ulimi wake ukaonekana wote, mwekundu, unapepea kama kitambaa cha bitana. Alisimulia upepo. Binti wa futi na chaki, asiyeamini kisichopimika, alikaa akasikiliza upepo, akaupenda, akampenda na msimulizi wake. Kwa mtu wa aina yake hiyo haikuwa hatari ndogo.

Na kila hadithi ilikwisha vilevile. "Siku moja nitakupakia, Fundi. Utajua upepo ni nini."

Siku hiyo haikufika. Kwanza hawakuwa na baiskeli. Halafu barabara ilikuwa mbovu. Halafu goti la mume likaanza maneno. Mwisho baiskeli zikaja zenyewe, zikasimama chini ya dirisha.

"Haya, Fundi," mke alimwambia, "upepo umeletewa mpaka mlangoni."

Mume alikohoa. "Hizi hazina keria. Nitakupakia wapi?"

"Basi kila mtu na yake. Mimi sijui, utanifundisha. Si wewe bingwa?"

"Ngoja nizijue kwanza. Baiskeli za siku hizi zina mambo."

Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alikwenda kuzijua. Alikwenda peke yake. Alisema hupita mbele ya bwawa la maji ya mji, kwenye lami, penye watu na mabenchi. Na mbele ya bwawa ni lami tupu. Udongo mwekundu uko nyuma ya bwawa, penye nyumba ya pampu na vichaka, mahali ambapo watu wawili huenda ili wasionekane na wa tatu.

Vumbi husema nusu, kisha likanyamaza. Nusu iliyobaki mshonaji alijishonea mwenyewe.

*

Jumamosi iliyofuata alisimama dirishani, nyuma ya pazia, sindano mkononi, haishoni kitu. Mumewe alitokea kwenye kona akiikokota baiskeli kwa mkono, jasho limemchora mgongo. Akaifunga. Akatazama juu, kisha kulia, halafu kushoto, kama mtu anayevuka barabara isiyo na magari. Akaingia ndani.

Mke alimpa maji ya kuoga, akashuka ngazi kama anayekwenda kununua uzi.

Kiti kilikuwa chini kabisa. Kilikuwa kimekaa juu ya chuma kama kuku anayeatamia. Mshonaji alitoa futi shingoni, akaipima nafasi kutoka kiti mpaka pedali ya chini, mbele za watu, bila haya, kama anapima mteja. Na mumewe alikuwa mtu wa miguu mirefu, mtu anayekunja magoti chini ya meza ya chakula na bado meza ikainuka.

Mguu huu haukuwa wake. Huu ulikuwa mguu wa mtu mfupi, mtu anayemfikia mumewe kifuani. Ndani ya kichwa cha mshonaji mambo yakajipanga kama vipande vya koti. Watu wawili wamezunguka pamoja. Wameshuka, wamekaa, wamecheka. Baiskeli zimefanana, kila mmoja ameshika ya mwenzake asijue. Hivyo aliujua mwili wa mtu huyo kabla ya kuiona sura yake. Angeweza kumshonea sketi.

"Ulikuwa na nani?" aliuliza mezani.

"Na nani tena? Na upepo."

"Upepo una kimo gani?"

Mume alicheka, lakini kijiko chake kilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni. "Fundi na futi yako! Kula, chakula kinapoa."

Jumamosi nyingine, kiti chini kabisa. Na nyingine, chini kabisa. Jambo likitokea mara moja ni bahati mbaya. Likirudi kila juma, lina mwenyewe.

Kisha ukaja mshono.

Ilikuwa kwenye suruali ya kijivu, gotini. Palichanika, paliunganishwa, palipigwa pasi vizuri. Kazi haikuwa mbaya. Lakini haikuwa yake. Mshono wake hulalia kulia, na huu ulilalia kushoto, kama nyasi zilizopigwa na upepo wa upande mwingine. Mshonaji aliupitisha kidole chake, taratibu, huku na huku. Mume anaweza kula kwa jirani kwa sababu ana njaa. Lakini mume wa mshonaji, anayelala ukuta mmoja na cherehani, akipeleka suruali yake kwa fundi mwingine, hiyo haiitwi njaa.

Na mtaani kulikuwa na fundi mmoja tu wa mkono wa kushoto.

*

Mama Zipu alikuwa mwanafunzi wake wa zamani. Alipewa jina hilo kwa sababu zipu za mtaa mzima zilimtii, isipokuwa moja, ile ya mdomo wake.

"Karibu, mwalimu wangu! Umekuja kunikagua?"

"Nimekuja kuomba uzi wa kijivu."

"Wa kijivu?" Mama Zipu alisimamisha cherehani. "Sema suruali, mama. Tusizungukane kama hizo baiskeli."

"Haya. Suruali."

"Aliniapisha, shemeji yangu. Aliniambia, 'Ukimwambia mke wangu, jino lako utalisikia kwa jirani.' Nami hili la mbele linacheza, tazama." Alilisukuma kwa ulimi, likaitika. "Lakini sijakwambia mimi. Umeambiwa na mshono."

"Ilichanikaje?"

"Gotini, umeona mwenyewe. Na mguuni mafuta ya cheni. Nikamwambia pole. Akaniambia ni msumari wa kazini. Nikasema ehee, kwani siku hizi meno mnayatengeneza kwa magoti?"

"Alikuja peke yake?"

Mama Zipu alikata uzi kwa meno ya pembeni, akilihurumia lile la mbele. "Unataka jibu la mwanafunzi au la jirani?"

"La mtu aliyeona."

"Aliyeona aliona kupitia kioo cha mlango, tuelewane. Mwanamke. Mfupi, hivi." Alionyesha kwa mkasi, na mkasi ukasimama palepale ambapo futi iliwahi kusimama. "Kofia nyekundu mpaka kwenye nyusi. Ameshika baiskeli mbili, moja kila mkono, kama anapeleka punda kunywa maji. Hakuingia. Na kucha, mama! Kucha za bluu. Bluu ya kung'aa, ya kukuumiza macho."

"Kucha za bluu," alirudia mshonaji, kwa sauti ileile anayosemea kiuno na bega.

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakwenda kuona."

"Si umeshaona? Vumbi, kiti, mshono, mwanamke. Unangoja nini, mwaliko?"

"Kitambaa kikishakatwa hakirudi. Nilikufundisha."

"Ulinifundisha," alisema Mama Zipu, safari hii taratibu. "Chukua uzi. Wa kijivu, kwa kuwa ndio uliokuleta."

Alirudi nyumbani akakaa mbele ya koti lisilo na mtu. Cherehani ni yangu, aliwaza. Chumba ni cha kupanga. Mtu mwenye cherehani hahitaji kuaga sana: anaifunga, anaibeba, anafungua mahali pengine. Aliyawaza hayo bila machozi, kama mtu anayepanga oda za wateja. Lakini pale aliposhika kipande cha mgongo wa koti ili akikunje akiweke kando, alikuta anakipapasa, pale katikati ya mabega, mahali ambapo mumewe huinama kidogo akiwa kazini. Alikuwa ameuacha upana kidogo hapo. Hakuna futi iliyomwambia afanye hivyo.

*

Jumamosi mume alivaa suruali ya kijivu, akabusu hewa karibu na shavu la mkewe, akaondoka. Mke alihesabu ngazi kwa masikio mpaka mlango wa chini ukafunga, akavaa viatu vya chini, akafuata. Kwa miguu. Mwenye shaka hana kipando.

Mji ulikuwa unazunguka. Popote alipotazama palikuwa na gurudumu na mtu juu yake, kengele, sketi iliyobanwa kwa mkono, wachumba waliopishana kwa makusudi ili wakimbizane. Wote walikuwa wanakwenda mahali ambapo walitoka. Mbele ya bwawa alipita benchi baada ya benchi. Kwenye lami mumewe hakuwepo. Alijua hatakuwepo, na bado kujua na kuona si kitu kimoja: cha kwanza kinakaa kichwani, cha pili kinashuka mpaka miguuni.

Akaiacha lami. Udongo ukawa mwekundu. Ukapanda viatu vyake, ukashika pindo la sketi yake, bila kumuuliza anakwenda upande wa nani. Ewe vumbi, shahidi usiyemaliza maneno, leo maliza.

Kwenye nyumba ya pampu alisimama. Ukuta ulikuwa wa joto. Pampu ilinguruma ndani taratibu, na nyuma ya kona, karibu kabisa, palikuwa na watu wawili. Kwanza alisikia pumzi. Kisha alisikia sauti ya mumewe, lakini sauti ambayo hakuwahi kupewa, nyembamba, tupu, ya mtu asiyebakiwa na heshima ya kuficha.

"Usiniache! Nakuomba, usiniache!"

"Sikuachi," ilijibu sauti ya mwanamke. "Nipo nyuma yako. Nimekushika."

Mshonaji alitoka nyuma ya ukuta.

Mumewe alikuwa juu ya baiskeli ya kijani. Kiti kilikuwa chini kabisa, na magoti yake yalitokeza huku na huku kama ya panzi. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zinakwaruza ardhi, zinatafuta pa kukimbilia. Nyuma yake, ameshika kiti kwa mikono miwili, anakimbia na kofia nyekundu imemkaa upande, alikuwa mwanamke mfupi. Alikuwa wifi yake. Dada mkubwa wa mumewe, yule mpuliza rangi za magari, aliyekuwa akisema Jumamosi hapati nafasi, ana gari la mteja. Na gari la mteja lilikuwa la bluu. Bado lilikuwa kwenye kucha zake.

"Mbele!" wifi alifoka. "Tazama mbele, we! Unatazama nini huko pembeni?"

"Natazama nisianguke!"

"Pembeni hakuna njia! Miguu juu! Leo hujakaa kwenye keria, leo dereva ni wewe!"

Miguu ikapanda. Baiskeli ikaenda kidogo, ikafikiri, ikalala. Vumbi jekundu likainuka likawafunika wote wawili.

Kiti kile hakikupimwa kwa mguu. Kilipimwa kwa woga. Mtu anayeogopa kuanguka hushusha kiti mpaka ardhi iwe karibu na nyayo zake, awe mrefu awe mfupi, na mshonaji, kwa kuwa maisha yake yote aliwapima watu wakiwa wamesimama wima na wametulia, hakuwahi kufikiria kwamba woga nao una kipimo.

Akakumbuka hadithi. Wasichana upande wa kushoto. Alizeti upande wa kulia. Ulimi wa mbwa, wote, nyuma. Miaka yote hiyo alisikiliza, na hata siku moja mumewe hakuwahi kumwambia mbele kulikuwa na nini. Hakuwahi kutaja usukani. Hakuwahi kutaja breki. Hadithi hazikuwa za uongo. Zilikuwa kweli tupu, iliyoonwa kutoka kwenye keria, na mgongo wa dada umeziba njia.

Alirudi nyuma ya ukuta hatua moja. Hakucheka, hakulia. Alikasirika kwanza, kwa sababu alidanganywa vizuri, na yeye ni mtu anayetambua kazi nzuri. Kisha hasira ikakosa pa kushika.

"Mwambie tu mkeo," wifi alikuwa anasema, akimpangusa mdogo wake mgongo kwa makofi. "Kwani nini?"

"Nimwambie nini? Kwamba alimpenda bingwa, na bingwa alikuwa wewe?"

"Sasa ulitaka anioe mimi?"

Mume alicheka akiwa chini, akakohoa vumbi. "Anataka nimfundishe, dada. Amengoja miaka. Nitamfundishaje kitu nilichokiona mgongoni kwako?"

"Basi inuka. Tukipandishe kiti kidogo, magoti yanakupiga kidevu."

"Kiti usikiguse!"

Wifi aliinua macho mbinguni kuomba subira, na macho yalipokuwa yanashuka yakamkuta mshonaji kwenye kona ya ukuta. Wifi alinyanyua mkono wake wa upande ambao mdogo wake hauoni, na kwa kidole chenye ukucha wa bluu akafanya ishara ndogo, kama anayefukuza kuku asiingie jikoni: nenda, nenda, hujatuona.

Mshonaji akaenda. Hakuwa ameona.

*

Juma hilo aliifumua suruali ya kijivu. Aliutoa mshono uliolalia kushoto, uzi kwa uzi, bila chuki, akaweka wake. Ndani ya goti, pale ambapo jicho halifiki, akashona kiraka cha sponji kilichofunikwa bitana, laini kwa ngozi, kinene kwa ardhi. Goti la pili akalifanyia vilevile, maana mtu hachagui aangukie wapi. Aliipiga pasi, akaitundika mahali pake.

Shaka yake haikufa. Shaka ya mtu makini haifi, huhamishwa ofisi tu. Mtu akishakufanya uamini baiskeli, unaanza kuyatazama na mengine: ule mto aliodai kuuvuka kwa kuogelea, kwa mfano, na mzigo kichwani. Alifikiria mto. Akauacha kwanza. Jambo moja kwa wakati.

Jumamosi mwanga uliingia kama kawaida. Mshonaji alikuwa mezani, koti mbele yake, pini midomoni, anabana bega kwenye mkono. Mume alitoka chumbani na suruali ya kijivu. Alichukua hatua moja, akasimama. Akalikunja goti. Akalikunjua. Akainama, akalibonyeza kwa vidole viwili, taratibu, kama anavyobonyeza ufizi wa mteja kuuliza panauma wapi. Kisha akaugeuza ukingo wa mshono kwenye mwanga, naye akaona unalalia upande gani. Miaka yote ya kuishi na cherehani, kitu kimoja alikuwa amekijua: mkono wa mkewe.

Alimtazama. Masikio yalimbadilika rangi. Huko chini kengele ya baiskeli ililia mpaka ikaisha.

Mke hakuweza kusema. Alikuwa na pini midomoni. Alizitoa moja moja, bila haraka, akazichomeka kwenye bega la koti, na ya mwisho ilipotoka akasema, macho yake kwenye kazi:

"Ukifika kwenye kona, Fundi, usitazame pembeni."

Mume alifungua mdomo.

"Dada amekwambia?"

"Sijaonana na dada yako. Nina macho."

"Na Mama Zipu?"

"Jino lake mtengenezee. Linacheza." Alichukua pini nyingine. "Nenda. Unachelewa kuzijua."

Mume alisimama mlangoni muda wa mtu anayetafuta hadithi na kukuta kapu tupu. "Nikiiweza," alisema, "utakuja?"

"Nitakuja nikiona umeiweza."

Alishuka. Mke alisikiliza ngazi, kisha akaenda dirishani, akalisogeza pazia, safari hii bila kujificha.

Chini kwenye kona mume alifungua baiskeli ya wote, moja katika nyingi, iliyombeba jana mtu mwingine na kesho itambeba mwingine. Wifi alimsubiri upande wa pili wa barabara, kofia nyekundu, baiskeli yake mkononi. Mume alishika kiti. Akakilegeza. Mshonaji aliona mabega yakiinama, pale pale katikati, ambapo alimwachia upana. Kiti kikapanda. Kidogo tu, unene wa vidole viwili, lakini futi ya macho yake haikukosea: kilipanda.

Akakaa. Nyayo zikaachana na ardhi.

Mke alingoja atazame juu. Aliona aibu kwamba anangoja, na bado alingoja: jicho moja tu, dirishani, kama mtu na mkewe. Mume hakutazama juu. Hakutazama kulia, hakutazama kushoto. Shingo imekaza, usukani unatetemeka, alitazama mbele, kama alivyoagizwa, akaenda, akayumba, akaenda, mpaka mwisho wa lami ya mtaa wao, pale inapoanza njia ya udongo iendayo nyuma ya bwawa.

Alipokata kona vumbi liliinuka nyuma ya gurudumu lake. Lilikuwa jekundu. Mwanga wa asubuhi ulilishika juu juu, likaning'inia pale njia nzima, likionyesha mstari alipopita. Haukuwa umenyooka, lakini ulikuwa unakwenda upande mmoja, na mbele yake hapakuwa na mgongo wa mtu.

Mshonaji akaliacha pazia wazi. Akakaa kwenye cherehani, akauweka mgongo wa koti chini ya sindano, akaanza kuunga.